Bawa la Kushoto

Manyoya yote aliyoniachia Urho ni ya bawa la kushoto.
Nimeyahesabu mara mbili juu ya meza ya gereji:
arobaini na moja, ya bata mzinga,
mistari myeusi na myeupe kama barabara iliyochorwa na fundi mlevi.
Usiyachanganye na ya kulia, alikuwa akisema,
mshale utagombana na nafsi yake njiani,
huyu avute huku, yule avute kule,
na mafahali wawili, Hilja, hawakai uti mmoja.

Dukani Marquette kijana kaniuzia plastiki
ya rangi ya chungwa, inawaka kama koti la mjenga barabara.
"Hizi, mama, mvua haiziwezi."
Kweli haiziwezi. Nimezizamisha ndooni
zikatoka wima, hazina habari.
Unyoya niliouchovya pamoja nazo ulilala
kama nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Na mvua ndiyo iliyonitia adabu Oktoba iliyopita.
Hatua ishirini na mbili. Kulungu kageuza ubavu,
nikaachia upote.
Manyoya yalikuwa yameshiba maji, hayakushika upepo,
na chembe kipana cha chuma kikatwaa usukani mbele
kama mtoto aliyeiba gari la baba yake.
Kikampata nyuma ya mbavu, mahali pa aibu.
Siku mbili mimi na Delphine Cadotte tulitambaa misonobarini,
tukifunga vipande vya karatasi ya chooni matawini
kila damu ilipoonekana:
tone, jani, tone,
kisha majani matupu.
Sikumla, sikumzika. Nimebaki na deni.

Ningechukua plastiki, basi, yaishe.
Lakini plastiki ikigusa upinde inapiga teke,
na upinde wangu ni wa mti, wa zamani,
mshale unalala juu ya kipande cha ngozi, karibu na kidole.
Unyoya ukigusa hapo unainama, unapita, unainuka.
Unasamehe.
Niliolewa miaka thelathini na minne;
najua bei ya kitu kinachosamehe.

Hata hivyo msamaha usiwe shuka la kufunika uchafu.
Jana nilirusha kwanza mshale uchi, kitako kitupu,
upenye gazeti nililolitanda kwenye fremu ya dirisha bovu.
Gazeti halina haya: likachanika kidole kizima kwenda kushoto.
Kosa langu. Kiganja kilikuwa kimeubana upinde
kama mtu anayeogopa kuachwa.
Nikalegeza. Nusu kidole.
Nikalegeza tena, nikaacha kukitazama kile kiti chake kando ya jiko.
Tundu. Tundu tu, la duara,
limetoboa tangazo la mnada wa matrekta.

Ndipo nikafungua gundi.
Nimeyakata marefu, inchi tano badala ya nne,
maana chembe kipana kinataka mtu wa kukishika shati nyuma.
Nimeyapinda kidogo kufuata alivyoyapinda ndege mwenyewe.
Yatavuma yakiruka, najua, na kulungu ana masikio;
kwa hiyo nitasogea, hatua kumi na tano, si zaidi.
Na siku ya mvua nitabaki nyumbani niwashe sauna.
Hiyo ndiyo dawa ya mvua ambayo kijana wa dukani hakuwa nayo.

Arobaini na moja kwa tatu:
mishale kumi na mitatu, na mawili ya ziada.
Moja limenasa kwenye kahawa yangu.

Nilidhani bawa la kulia lilitupwa.
Leo Delphine kaja kurudisha koleo, podo begani,
nikaona mishale yake: mistari ileile, fundi mlevi yuleyule,
imepinda upande wa pili.
"Nilimpiga mimi yule ndege," kasema, "mumeo akaomba nusu."
Hakuwahi kuniambia.
Tumesimama pale gerejini, mlango wazi,
vumbi la manyoya likipanda puani,
hakuna aliyepiga chafya kwanza.