Nyuzi Hazitaji Jina

Wimbo wa tatu ndio wenye jina lake.
Moshi nzima inaujua. Kuanzia stendi hadi Majengo
watoto waliuruka kwa kamba,
wakilivuta lile jina kama bazoka:
Elifuraaaha, rudisha ufunguo, bakiza uongo.

Leo hakuna wa kuimba. Tuko wanne
katika ukumbi wa usharika, viti vya plastiki,
mvua ya Aprili imeanza kupiga bati kabla yetu.
Aikande na Mbonea wana fidla. Mimi nina sello
iliyolala miaka kumi na mmoja katika ghala la kahawa,
mpaka leo ukiikumbatia, blauzi inanuka gunia.
Na viola,
viola anayo Elifuraha mwenyewe.

Usiniulize alikubalije.
Nilipompa karatasi alizisoma kimya,
kidole kikifuata mistari mitano,
akafika katikati ya ukurasa wa pili, akasema tu:
"Hapa mmekosea. Kabla ya kibwagizo pana kituo,
na ni kirefu kuliko mlivyoandika."
Akaomba penseli.

Nimeusikia wimbo ule redioni, saluni,
kwenye simu ya dobi, mara mia na ushei.
Sikuwahi kugundua kwamba Nsia anavuta pumzi pale,
pumzi ya mtu aliyemaliza ngazi zote
akakuta mlango umefungwa.

Basi tukapiga.
Fidla ya Aikande ilibeba sauti ya Nsia,
nyembamba, baridi, kama maji ya mfongo alfajiri.
Mimi chini nilidonoa nyuzi badala ya ngoma
hadi kidole cha shahada kikavimba.
Watu hawakuimba. Ila midomo!
Safu ya pili, mama mwenye kitenge cha kijani
alikuwa anarudisha ufunguo, anarudisha ufunguo,
bila sauti, macho kwa mpiga viola.
Jina lilijaa ukumbi mpaka kwenye kenchi
na hakuna aliyelitaja.

Kisha kituo.
Pinde nne hewani.
Mvua ilikuwa imekata, sijui tangu lini.
Nikahesabu moja, mbili (penseli yake ilisema tatu)
na kwenye tatu nikamsikia kando yangu
akiivuta puani, pumzi ile ile,
kwa urefu ule ule,
kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa mlango
siku zote, akisikiliza.

Tukaingia kibwagizo. Mbonea alikosea noti mbili.

Baadaye, tukikunja stendi za karatasi,
mama wa kitenge akaja na soda ya tangawizi.
"Mwanangu, ule wa tatu unaitwaje?"
Anaujua. Sote tunaujua.
Elifuraha alikuwa anafuta unga wa ulimbo kwenye nyuzi,
mmoja mmoja, kwa pindo la shati.
"Hauna jina, mama," akasema.
"Ni wa tatu tu."