Ramani Juu ya Boneti

Tuliitandaza Sikonge, juu ya boneti lenye joto,
pembe moja nikaikandamiza kwa chupa ya asali.
Hapa barabara, nikasema. Hapa ghala la tumbaku.
Penseli ikapita msituni bila kujikwaa.

Nyamizi Kasele akainama, miwani ikining'inia:
"Mizinga yangu arobaini umeiweka safu gani?"

Sikuwa na safu.
Nilikuwa na kuni, kwa mita za ujazo,
na mninga uliokwisha kuwa mlango.

Akagonga shina la myombo. Ndani kukavuma.
"Huyu ndiye aliyelipa ada za Mihayo
hadi kidato cha sita.
Mwandike."

Nikafuta barabara kidogo, ikapinda.
Mkoani wataniuliza kwa nini imepinda.
Chupa imeacha duara palepale kwenye karatasi.
Linanata.