Kitovu cha Nyuma

Pale barabara inapokatana na reli
spoki tatu zilivunjika kwa mfululizo, ta, ta, ta,
na gurudumu la nyuma likachoka kuwa sifuri,
likataka kuwa nane.

Nikaibeba kinga begani mpaka Katuba.
Nikachelewa, mimi ninayewafungia wengine mlango.
Na somo la siku hiyo, kumbe, lilikuwa duara.
Nilifunga chaki kwenye uzi, nikazungusha ubaoni,
na Kapend, dawati la mwisho, akainua mkono:
"Mwalimu, na ile ya kinga yako, nayo ni duara?"
Wakacheka wote. Nami. Kidogo.

Jumamosi, soko la Kenia.
Katika pindo la kitenge, franka elfu arobaini na tano.
Zilizobaki nyumbani ni za unga, hazina mjadala.

Mwilambwe alinionyesha jipya, jeusi, lingali ndani ya plastiki,
spoki ishirini tu, bapa kama visu.
"La mashindano hili, mama! Linyanyue kwa kidole."
Nikalinyanyua kwa kidole. Jepesi kweli.
Lakini mimi nina kilo themanini na moja,
na daftari hamsini na sita nyuma yangu,
na malori ya madini yanayochimbua lami usiku kucha.
Themanini na moja, gawanya kwa ishirini.
Nikalirudisha taratibu, kama mtoto wa watu.

La pili lilikuwa juu ya turubai, limeshuka na kontena
kutoka Ubelgiji, jina lake limefutika nusu.
Nikapitisha ukucha ubavuni, pale breki inapouma:
bonde. Limeliwa, limebonyea
kama sahani ya bati iliyolisha bukari vizazi vitatu.
"Bado linatembea," kijana akasema.
Hata mgonjwa hutembea, nikamjibu,
mpaka asubuhi asiyotembea.

La tatu, rimu ya chuma, ya wabeba makala,
bei ya kumfanya mtu acheke peke yake.
Nikatoa utepe wa mshonaji:
milimita kumi na tatu zimezidi.
Upana wa kidole changu kidogo,
na kwa fremu nyembamba kama yangu
ni mbali kama Kolwezi.

Nilikuwa naondoka nilipomkuta fundi Numbi
ameketi juu ya kreti ya bia, langoni.
Hakuitazama rimu yangu iliyopinda hata mara moja.
Akashika ekseli kwa vidole viwili, akazungusha,
akafumba macho.
"Kitovu kizima. Ulitaka kukitupa?"

Kitovu.
Changu kilizikwa Likasi, nyuma ya nyumba ya kampuni
ambayo leo ina mwenye mwingine, na ukuta, na mbwa.
Cha kinga yangu sijui. Labda mji wa mvua nyingi.
Nikaketi.

Rimu ya alumini, kuta mbili, matundu thelathini na sita: elfu ishirini na tano.
Spoki thelathini na sita, kila moja mia tatu.
Kazi yake, elfu nane, baada ya kubishana.
Piga hesabu wewe. Ilibaki ya karanga.

Alisuka mpaka jua likahama upande wa pili wa kreti.
Alikuwa akidonoa spoki kwa ukucha, akisikiliza,
akikaza robo, akilegeza nusu ya robo.
Kisha: "Mwalimu, huna chaki?"
Mimi? Ninayo hata kwenye nywele.
Akaisogeza karibu na rimu inayozunguka,
na kila ilipovimba chaki ikaweka alama,
hapa, na hapa, mistari mifupi meupe,
kama ninavyosahihisha daftari la Kapend.
Akakaza. Akafuta kwa kidole gumba. Akazungusha tena.
Chaki ikabaki hewani, haikugusa kitu.

Jumatatu nilivuka reli nimeketi wima,
nyuma jipya linalong'aa, mbele la zamani lenye kutu,
mimi katikati na daftari zangu.
Kimya nyuma. Kimya kabisa.
Ndipo nikalisikia la mbele:
tk. tk. tk.