Tangi la Radviliškis

Danguolė aliandika mabehewa miaka thelathini na mmoja,
penseli sikioni, glavu zimekatwa ncha,
kila behewa na tarakimu zake nane,
na la mafuta lazima lianze na saba.

Ndivyo alivyokutana nayo:
saba tatu tisa tatu
tisa moja tatu tatu.
Treni ya Šiauliai ilikuwa imekwama kwenye theluji.
Akaigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja,
akapanda hadi karibu na elfu nane na mia sita,
vigawanyo zaidi ya elfu moja, madaftari matatu,
na kila mara pakasalia baki,
punje inayogoma kupita kwenye chekeche.

Katika lugha ninayoandikia, nambari ya aina hii
huitwa tasa.
Ndilo neno mawifi wanalomtupia mke asiyezaa.
Danguolė hakulijua neno letu.
La kwao alilijua; mama mkwe alimpa kila Pasaka,
pamoja na yai lililopakwa rangi.

Mkate mkia, alimwambia paka wa kibandani.
7393913. Bado tasa.
Mkate tena.
739391
73939
7393
739
73
7
Unapunguza, unapunguza, na kilichobaki
hakimgawii mtu.

Kuiongeza je? Alijaribu.
Shufwa hazifai, tano haifai,
ukiweka moja au saba, tatu inaingia mlango wa nyuma.
Ukiweka tatu, au tisa: hizo zilimla wiki mbili,
kisha nazo zikavunjika.
Katika ukoo wa zinazokatwa hivi hakuna kubwa kuliko hii.
Tasa, na bado kitindamimba.

Basi akaingoja. Hakumwambia mtu.
Kila tangi lililoingia yadi aliliangalia ubavuni,
kama mtu anayesoma majina ya abiria.

Ikaja Jumanne moja ya Machi, tangi la lami,
saba tatu tisa tatu, moyo ukamwenda mbio,
tisa moja tatu,
nne.

Vytenis wa ofisi ya mizani alimweleza huku akitafuna:
tarakimu ya mwisho haichaguliwi, mama, ni mlinzi.
Unazidisha kwa mbili ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba,
unajumlisha tarakimu zote, unapata thelathini na sita,
zimebaki nne kufika arobaini.
Ile yako isingekuja kamwe.

Miaka yote hiyo.

Akarudi relini. Akaandika 73939134,
shufwa, inagawika kwa mbili, kwa tatu, kwa sita,
nambari yenye jamaa tele na kelele za sebuleni.
Akatazama huku na huku. Vytenis alikuwa ndani.
Akainua mkono, akaweka kidole gumba
juu ya ile nne, chuma kikamuunguza kwa baridi,
akasoma zilizobaki.