Chupa Moja, Watu Ishirini na Tisa

Ambrosi ameshuka na basi la Dodoma,
chupa moja kaipakata safari nzima
kama mtoto mwenye homa.
Shingoni waya, kizibo kimevimba shavu.
"Mvinyo wa mapovu," anasema. "Wa sherehe."
Nikamtazama. Nikahesabu viti.
Tuko ishirini na tisa, bila majirani,
na jirani wa Masasi haalikwi, hufuata harufu.

Ni Novemba. Mawe ya Mkomaindo
yamekula jua mchana kutwa,
usiku yanatucheulia.
Korosho ziko ghalani zinangoja mnada;
bibo, lisilo na mnada,
limelala chini ya mkorosho likijinukia,
nyuki wamelizunguka kama wadai.

Nikamwambia Silvana: leta ndoo.
Okota lililoanguka leo, lisilochubuka.
Na hilo gauni jeupe kalivue,
doa la bibo hulitoa Mungu peke yake,
tena msimu ukishapita.

Tukakamua kwa mikono, viwiko vikatota.
Juisi ya bibo huja na ugomvi wake:
inakaba koo, inakausha ulimi
kama neno ulilotaka kumjibu mkwe, ukalimeza.
Dawa yake ni maji ya wali,
yale mazito yanayoenguliwa sufuria likichemka.
Mimina kikombe, uondoke, ukasukwe nywele.
Ukirudi, ukakasi umezama chini kama tope,
juu pametulia rangi ya asali.

Hili sikufundishwa darasani.
Nililiona kwa Bibi Perpetua,
ambaye ada yangu yote
ilitoka kwenye mtungi wake wa uraka,
ingawa kanisani tulisema
bibi ana biashara ndogondogo.

Nanasi moja, vipande vidogo vya kudanganyia wingi.
Tangawizi imepondwa, ikachujwa kwa kitambaa.
Ndimu tatu. Sukari hapana.
Barafu kwa Bi Somoe mwenye friji, mifuko kumi na miwili;
mmoja ulinukia kibua, nikaurudisha,
tukazozana kidogo.

Sufuria la pili nikaliweka kando, halina mvinyo:
la watoto, la shemeji Mwanahawa na wanawe.
Humo nitatia soda.
Mapovu ya soda hayana dini.

Sasa chupa.
Ambrosi anasokota waya, wazee wanarudi nyuma,
anayejidai anajua ndiye anayetetemeka.
Pu! Kizibo kikagonga bati,
kuku wakakimbilia uani kwa watu,
povu likapanda, likamwagika, "Kinga! Kinga!"
Silvana akakinga kwa bakuli la mboga
na robo ya sherehe ikaokolewa na sisimizi.

Nikamwambia: lete, nimimine mimi.
Ubavuni mwa sufuria, polepole, usikoroge.
Mapovu ni wageni wa heshima,
ukiwasukuma wanaaga.

Glasi sita za harusi ya mama,
vikombe vya bati, vya plastiki, kimoja hakina mkono.
Kila mtu akapata funda nne, tano,
na baridi iliyopanda hadi kwenye paji la uso.
Kwa muda hakuna aliyetaja bei ya korosho.

Bibi Perpetua alikuwa wa mwisho.
Akanusa. Akaonja. Akafumba jicho moja,
lile analolifumbia pombe za watu.
Tukangoja kama wanaosomewa matokeo.
"Huu ni uraka," akasema,
"ila umevaa viatu."
Akanyoosha kikombe tena.

Asubuhi naitafuta chupa, siioni.
Naikuta jikoni kwake, imejaa mafuta ya ufuta.
Kizibo kiko dirishani, kimenenepa,
amekisukuma, amekilowesha, amekitukana,
hakirudi kilikotoka.
Ameziba kwa gunzi la muhindi.