Bana Mkono Ukisikia A

Saa nane za usiku, wodi ya mahututi, Ligula.
Kitanda cha tatu, Mzee Nalyoto ananiita kangomba,
ati nimempunja kilo kumi na mbili,
ati dripu hii ni mizani iliyochezewa.
Anadai stakabadhi yake ya ghalani.
Darini, anasema, korosho zinatambaa.

Kijana wa zamu kashika bandeji za kumfungia mikono
na sindano ya kumlaza.
Ngoja, nikamwambia.
Huyu hajapagawa, wala si wa kuitiwa fundi.
Ni mapafu yenye usaha, ni homa,
ni siku tano hajaliona jua.

"Nitataja herufi, Mzee. Ukisikia A, bana mkono wangu."
K. A.
Akabana.
R. A.
Macho yalikuwa kwenye korosho.
Herufi kumi, makosa matano. Nikaandika.

Kisha zile kazi zisizokaa kwenye kabati la dawa:
miwani, iliyofungwa na mkewe kwenye leso tangu Jumapili;
saa ya ukutani, nikaipa betri ya tochi yangu;
mrija wa mkojo aliokwisha kuuchoka, nje.
Nikamwambia: Ni Alhamisi. Uko Mtwara, hospitali.
Mimi ni Asumini, muuguzi wako.
Nikamwambia tena. Na tena.
Kukipambazuka mwanawe aje amwongeleshe Kimakonde,
pazia lifunguliwe, aketishwe.

Ndipo nikageukia kitanda cha nne.

Bi Somoe. Tangu jioni tunamsifu:
mama huyu hasumbui.
Kwenye faili, kwa mwandiko wangu: ametulia.
Macho wazi, kama mlango wa nyumba ya waliohama.
Nikamshika mkono.
K.
A.
Nikangoja.
A, Bi Somoe.
Mkono ulikuwa wa moto, laini, hauna mwenyewe.

Yule anayetutukana bado yuko kizingitini, anagombana na mlango.
Wewe umekwenda mbali,
na sisi tukakushukuru kwa kunyamaza.

Nikalifuta lile neno hadi karatasi ikatoboka.
Nikampigia daktari, akaitika kwa sauti ya usingizi.
Nikasema: si yule wa kelele tu. Njoo umwone na huyu.

Nyuma yangu, taratibu kidogo kuliko mwanzo:
"Na kilo zangu?"

"Tutapima asubuhi, Mzee.
Kukiwa na mwanga."