Mifuniko Kumi na Minne

Tulipanga siku mbili. Jumamosi kutoa, Jumapili kufagia,
Jumatatu Ambakisye arudishe Kanta ya watu Uyole.
Mvua ya Tukuyu haikuwamo kwenye mpango,
wala mama.

Amekaa kwenye kigoda mlangoni, kitenge mabegani,
anahesabu kinachotoka kama karani wa ghala.
"Hilo nini?"
Gunia, mama. La magunia.
"Liweke chini."

Chumba cha wageni hakijalaza mgeni tangu msiba wa baba.
Kitanda kimelaliwa na vitu:
makopo ya maziwa ya unga, yameoshwa, yamepangwa kwa kimo,
miavuli kumi na mmoja, mingine haifunguki, mingine haifungiki,
betri zilizoanikwa juani mara ya mwisho
redio ikiwa bado hai,
stakabadhi za kahawa za chama kilichokufa
zimefungwa kwa kamba ya mgomba,
na picha ya kifua cha baba, ile ya hospitali.
Niliiinua dirishani:
mbavu, mbavu, na ukungu katikati
kama asubuhi za huku.

Nikaiweka kwenye rundo la kuchoma.
Nikaitoa.
Nikaiweka.

Saa saba mchana hesabu ikagoma.
Tunatoa, tunatoa, na nyumba haipungui.
Kumbe Lusubilo, mtoto wa kaka, miaka tisa,
kaajiriwa na bibi yake kwa ujira wa ndizi za kuchoma
arudishe vitu kwa mlango wa jikoni.
Beseni lililotoboka nililikuta mahali pake,
limelowa, limetulia,
kama mtu aliyetoka kidogo tu kujisaidia.

Mimi nilicheka. Ambakisye hakucheka.
"Mama, utakuja kufia kwenye takataka!"
Neno likatoka.
Lenyewe halikurudi kwa mlango wowote.

Mvua ikapiga bati. Tukaisingizia hiyo ukimya wetu.

Chumba alichoandaliwa Uyole kina dirisha moja, ukuta mweupe.
"Kizuri," alisema alipooneshwa. "Humo kutakaa nini?"
Utakaa wewe, mama.
"Ndiyo nauliza."

Jioni nikavuta katoni ya sabuni kutoka uvunguni.
Mifuniko ya sufuria. Kumi na minne.
Sufuria za nyumba hii ni tatu, na hakuna inayofunikika.
Hii nayo, mama?
Akaomba taa isogezwe. Akaishika mmoja mmoja,
akiigeuza kama mtu anayesoma barua.
"Huu, sufuria yake iko kwa mama Sekela,
ilikwenda na maharage ya matanga.
Huu, kwa akina Mwaipaja. Walihamia Chunya, watarudi.
Huu sikumbuki. Lakini wenyewe wanakumbuka."
Kisha mmoja mdogo, kitasa chake kigae cha mbao:
"Huu wako.
Ulipokwenda Dodoma nilikupa sufuria,
mfuniko nikaubakiza,
uwe na sababu ya kurudi."

Dodoma nafunikia sahani.
Miaka ishirini na miwili nafunikia sahani,
mvuke unatoka pembeni, wali unaiva juu juu,
na kila mara najiambia
mwisho wa mwezi nitanunua mfuniko.

Jumapili hatukufagia.
Rundo la kuchoma lilikataa moto, limeshiba maji,
Ambakisye akamwaga mafuta ya taa, likafuka tu,
akarusha kibiriti, akaenda kusimama migombani
akitupa mgongo. Mama akampelekea mwavuli,
mmoja wa ile isiyofungika.
Alirudi nao wazi mpaka sebuleni,
hakuna aliyemwambia kitu.

Jumatatu Kanta iliondoka nusu.
Mbele, mama na katoni yake mapajani.
Mlango tulifunga kwa ufunguo wa nne tuliojaribu,
ile mingine kumi na kitu nikairudisha kwenye kopo lake.

Nikafika Dodoma usiku, nikafungua begi.
Mfuniko.
Kifua cha baba, kimeviringishwa ndani ya kanga.
Na kopo moja la maziwa, limeoshwa.
Sijui la nini.
Nimeliweka juu ya kabati.
Litafaa.